Gauni la Jioni la Miaka ya 1810, kwa Sindano na Nta

Magauni ya jioni yaliyovaliwa Uingereza na Ufaransa kati ya mwaka 1800 na 1815 hivi yanadanganya macho. Kiuno kimepandishwa hadi chini ya matiti, sketi inateremka moja kwa moja hadi miguuni, mikono ni mifupi na imetuna kidogo, na mtazamaji hujisemea kwamba hiyo ni kazi ya siku moja. Langu nimelishona lote kwa mkono, kama yalivyoshonwa yale ya wakati huo. Cherehani zilikuja kuenea baadaye: Elias Howe alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851.

Nilichagua melimeli nyeupe ya pamba, na bitana ya kitani kwa sehemu ya kifua. Enzi hizo melimeli iliyosifiwa kuliko zote ilitoka Dhaka, Bengal. Yangu ni ya dukani, nayo inatosha.

Wengi wanaoanza kazi hii hujitesa bure wakidhani kwamba kushona kwa mkono ni kupiga sindano kwa udogo ule ule kila mahali. Mafundi wa zamani hawakufanya hivyo. Kitambaa kilikuwa ghali kuliko ujira wa mshonaji, na gauni lilitarajiwa kufumuliwa na kushonwa upya mtindo ulipobadilika, kwa hiyo mishono mirefu ya sketi, ambayo haibebi uzito wowote, ilipigwa bandi tu, yaani mapigo mepesi ya kwenda mbele. Sindano ya kurudi nyuma, iliyo imara zaidi lakini inayokula muda na uzi, niliiwekea mgongo na makwapa, kwa sababu huko ndiko gauni linakovutwa kila mvaaji anapoinua mkono. Mgongo wenyewe ni mwembamba ajabu: mishono miwili iliyopinda inatoka kwenye makwapa na kukaribiana kiunoni, na mshono wa bega umesogezwa nyuma, kiasi kwamba mabega huonekana yamerudi nyuma hata kama mvaaji amechoka.

Kuna mshono mmoja wa enzi hizo ambao ningependa kila fundi aujue. Unaweka vipande viwili uso kwa uso, kimoja kikimzidi mwenzake kwa takriban nusu sentimita. Ile ziada unaikunja juu ya ukingo wa kile kifupi, unaikunja tena kama pindo, kisha unashona ukipitisha sindano kwenye tabaka zote. Kwa mkupuo mmoja umeunganisha vipande na kuficha nyuzi zinazochomoka. Hakuna haja ya kurudi kufunga kingo, na kwa melimeli inayochanikachanika ovyo, hilo si jambo dogo.

Marinda ya nyuma ndiyo yaliyonishika zaidi. Sehemu ya mbele ya sketi ni bapa; upana wote unakusanywa nyuma, katika nafasi isiyozidi kiganja. Nilipitisha nyuzi mbili sambamba, mapigo ya uzi wa pili yakiwa moja kwa moja chini ya yale ya uzi wa kwanza, nikazivuta pamoja hadi mikunjo ikasimama wima, kisha nikaishonea kiunoni mmoja mmoja, kila mkunjo kwa pigo lake. Cherehani hulaza mikunjo hiyo na kuibana, ilhali mkono huiacha isimame, na sketi ikaanguka kwa uzito wake yenyewe. Uzi niliupitisha kwenye nta ya nyuki kwanza, la sivyo ungejisokota na kukatika kabla ya kufika nusu ya kiuno.

Kuhusu kufunga, nimeulizwa kwa nini sikuweka zipu nyuma mahali ambapo haitaonekana. Itaonekana. Kitambaa chepesi namna hii huvimba kando ya zipu na mgongo wote hukakamaa, wakati utepe mwembamba uliopitishwa ndani ya pindo la shingo na mwingine kiunoni huvutwa, hufungwa fundo, na huruhusu gauni moja kumkaa mtu aliyenenepa au aliyekonda kidogo.