Wekundu wa udongo ulinidanganya

Ninakaa Utawala, Nairobi, na huku udongo haukuachi uusahau. Ni ule mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, kila kiatu kinabeba kilo yake. Kiangazi kikija, ardhi inapasuka nyufa za kuingia mkono. Mwenye nyumba wetu alijenga ukuta bila kuchimba udongo huo wote hadi kwenye mwamba, na sasa geti halifungiki Aprili wala halifunguki Septemba.

Kwa hiyo mama aliponikatia ekari 1 kule Kathonzweni, kaunti ya Makueni, niliuona ule wekundu nikafurahi. Mimi ni fundi wa friji, na wateja wangu wengi wako Kabete na Kikuyu, ambako udongo mwekundu unakwenda chini mita na mita, ukiufumbata unashikana, na sukuma wiki inastawi hadi kando ya lami. Nikajiambia mwekundu ni mwekundu.

Machi nikashuka na mbegu ya mahindi ya nyanda za juu, ile wanayoipenda Kitale, inayokaa shambani zaidi ya miezi 6. Nikalima, nikaponda madongoa mpaka udongo ukawa laini kama unga. Mama aliegemea jembe lake akanitazama.

"Mwanangu, haya mahindi yatakunywa nini Juni?"

"Mvua ipo, mama."

"Haya."

Mama yangu akisema "haya" kwa sauti ile, hajakubali.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga jioni, nikiwa barazani. Udongo wa kwetu una mchanga mwingi na mboji kidogo sana. Ukishausaga vile, matone yakiupiga, chembe ndogo huziba vitundu na juu panafunga ganda, kama sakafu iliyosawazishwa na fundi. Maji hayana pa kuingilia. Niliyaona yakiteremka mekundu kuelekea mtoni pamoja na mbolea niliyonunua kwa pesa za kompresa mbili. Mahindi yalifika magotini, Mei mvua ikakata. Nilichovuna kililiwa na ng'ombe.

Kosa la mbegu nilijisamehe. La msimu bado linaniuma. Kiambu na Murang'a, masika ya Machi hadi Mei ndiyo mvua ya kutegemea. Kwetu Ukambani wakulima huweka tumaini kwenye vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa sababu masika hutudanganya mara nyingi zaidi. Nami nililijua hilo tangu utotoni! Likizo ya Desemba ilikuwa ya kupalilia, si ya kucheza. Miaka 14 ya Nairobi ikalifuta.

Jirani yangu mmoja mwenye shamba Murang'a akanishauri ninunue chokaa ya kilimo, maana udongo wa kwake ulikuwa na asidi na chokaa ilimfaa. Safari hii sikukimbilia duka. Nilipita shambani kwa zigizagi, nikachimba sentimita 20 mahali 12, nikiparuka palipokuwa zizi la mbuzi, nikachanganya kwenye ndoo safi, nikabeba kilo moja hadi maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete. Majibu: pH 6.4, yaani asidi ni kidogo tu. Chokaa ingekuwa pesa ya kutupa. Kilichopungua ni nitrojeni, fosforasi na mboji. Nilimsomea mama kwenye simu, akacheka.

"Si ningekuambia bure kwamba huo udongo una njaa?"

Tukaanza upya na fanya juu. Unachimba mtaro ukifuata usawa wa mteremko, na udongo wote unaurusha upande wa juu, unakuwa tuta. Maji na udongo vinavyoshuka vinakwama hapo, na miaka ikipita shamba linajipanga ngazi kwa ngazi. Ni kazi ya Ukambani hasa, na jina lake la Kiswahili limeingia hivyo hivyo katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza. Kiuno changu hakitaisahau. Juu ya matuta mama akaotesha nyasi, ndani ya mitaro akaweka mipapai.

Oktoba tulipanda ndengu, mbaazi, na mistari michache ya mahindi ya Katumani, yale yaliyotolewa kituo cha utafiti cha Machakos kwa ajili ya nchi kavu kama yetu. Safari hii madongoa niliyaacha yalivyo. Ndengu zilikuwa ghalani kabla ya Krismasi. Mbaazi, kwa mizizi yake mirefu, zilibaki kijani hata baada ya kila kitu kukauka.

Mazao mazuri yako karibu na tuta, ambako unyevu unakaa. Upande wa juu wa kila ngazi, pale udongo ulipokwanguliwa, mimea bado ni mifupi na ya manjano. Huko ndiko samadi yote ya mbuzi itakwenda kabla ya vuli ijayo. Mama ameshaanza kuirundika chini ya mwembe, na ananidai toroli.