Masaa 10 ya mapumziko sio masaa 10 ya kulala

Dada yangu ni mhudumu wa ndege na tunakaa wote hapa Dar, kwahiyo mambo ya uchovu wa wafanyakazi wa ndege nayaona sebuleni kwetu kabla sijayasoma popote. Juzi karudi saa nane usiku nikamfungulia geti nikaenda kumpashia wali, narudi nakuta kalala kwenye kochi na yunifomu yake, kiatu kimoja mguuni kingine kakishika mkononi. Nikakitoa taratibu nikamfunika na khanga, wali nikala mimi.

Kwenye rosta muda ule umeandikwa mapumziko. Sasa hebu tuyahesabu. Anasubiri gari ya staff mpaka wajae, gari inazunguka kushusha wengine kwanza, afike aoge, halafu mwili bado una moto wa kazi haulali hapohapo, na ikifika saa mbili asubuhi fundi wa mageti jirani yetu kashaanza kuchomelea. Kwenye karatasi kapumzika, ila usingizi aliopata ni masaa manne tena ya kuokoteza.

Ndio maana nimeipenda sana sheria ya Marekani iliyoanza Januari 2014. Marubani wa ndege za abiria wapewe angalau masaa 10 ya mapumziko kabla ya kuingia kazini, na ndani yake lazima kuwe na nafasi ya kulala masaa 8 bila kukatishwa, na rubani akiona hayo 8 hayatapatikana anatakiwa aliambie shirika na asiripoti mpaka ayapate. Akisema nimechoka siwezi kurusha, shirika haliruhusiwi kumpanga. Hapo jukumu halijaachwa kwa rubani peke yake. (Ndege za mizigo waliziacha nje, na mimi sielewi kwanini, kwani rubani wa mizigo yeye hachoki?)

Sheria hiyo ililipiwa na watu. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo wakafa watu 50. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kuanzia kazi Newark, yaani kavuka nchi nzima kama abiria ndio aanze dyuti. Wachunguzi walisema chanzo ni kapteni kukosea alipopewa onyo kwamba ndege inapoteza spidi, ila wakasema pia uchovu huenda uliwapunguzia uwezo wote wawili.

Na hii ya Indonesia ndio inaniuma zaidi. Januari 2024, Batik Air, kutoka Kendari kwenda Jakarta, abiria 153. Kapteni anaomba alale kidogo anakubaliwa, na baadae rubani msaidizi nae anapitiwa na usingizi, ndege inajiendesha yenyewe kama dakika 28 wanaitwa kwenye redio hawaitiki. Kapteni alipozinduka ndege imeshatoka njiani, bahati wakatua salama. Yule msaidizi alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja nyumbani, usiku anamsaidia mke wake kulea. Mzazi yeyote anajua hizo wiki zilivyo. Huyo wa kumlaumu ni yeye, au shirika ambalo lilitakiwa liwe na namna ya kumuuliza kwa dhati umelala kweli, na akijibu hapana arudi nyumbani bila kuogopa?

Maana hapo ndio pagumu. Fomu ya kuripoti uchovu karibu kila shirika inayo, kanuni za kimataifa zinataka uchovu usimamiwe, lakini mtu akiijaza halafu mwezi unaofuata akaona safari nzuri zimeenda kwa wengine na posho zimepungua, hatojaza tena, na wenzake wakimuona nao hawatojaza. Mpanga rosta nae anatakiwa ajue kwamba kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi ndio mwili unazima kabisa hata kama mtu alilala mchana, kwahiyo kumpa mtu usiku tatu mfululizo halafu alfajiri sio sawa na kumpa mchana nne, japo jumla ya masaa ni ileile.

Nilimuuliza dada kama ameshawahi kuijaza hiyo fomu. Akasema mara moja, mwaka wake wa kwanza. Nikamuuliza ikawaje, akanyamaza, akaniambia nimuamshe saa tisa ana stendibai.