Nilivyojifunza bao kwa trei za mayai, na wiki yangu ikanoga

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuambiwa "fundi, jioni tafuta kitu cha kukuingizia hela". Kila mtu ana ushauri wake, mara fuga kuku, mara uza mitumba kwenye simu, mara ingia kwenye kubeti. Hayo ya jioni nimeyafanya karibu mwaka mzima na hela ya maana sikuiona, nilichopata ni kulala saa saba usiku na kuamka nimenuna, mteja akija kupimwa namjibu mkato mkato. Kilichonitengenezea wiki yangu ni bao, hili letu la kete, na nimejifunza nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Magomeni, na ng'ambo ya kibanda changu kuna baraza ambapo wazee wanacheza kila siku kuanzia alasiri. Muuza kahawa anapita na dele lake anagonganisha vikombe, kashata zipo, mabishano yapo, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nawasikia tu huku nimeinamia ovaloki. Siku nikavuka, nikamwambia mmoja wao, shikamoo mzee, naomba unifundishe. Akanijibu marahaba, kaa hapo utazame. Basi nimetazama wiki mbili sikuambulia kitu, maana wale wazee mikono yao inakwenda kama mvua, kete zimeshaliwa zimeshasambazwa na watu wanacheka wewe bado unatafuta zilianzia wapi.

Nikapakua programu kwenye simu. Usihangaike nayo kama ndio unaanza, inakusambazia yenyewe, wewe unabonyeza tu, mkono haujifunzi chochote. Nikauliza bei ya bao la kuchongwa, ilikuwa inakaribia kodi yangu ya mwezi. Nikaona nitachonga mwenyewe, nikachukua kipande cha ubao kwa seremala jirani na patasi ya kuazima, nikatoboa mashimo jioni tatu mfululizo, shimo la kumi na tisa ubao ukapasuka kwa urefu, paa, vipande viwili. Niliumia sana siku ile.

Sasa sikiliza hii. Asubuhi moja mke wangu kamaliza mayai, trei ipo mezani, nikaiangalia. Trei ina mashimo 30, mistari mitano ya sita sita. Bao linataka 32, mistari minne ya manane. Nikachukua mkasi wangu wa kazi (sio wa kitambaa, wa kitambaa haugusi karatasi hata iweje), nikaondoa mstari mmoja ukabaki minne ya sita, halafu kwenye trei ya pili nikakata kipande cha minne kwa miwili. Gundi ikagoma. Nikasema mimi ni fundi bwana, nikavuta uzi wa jinzi na sindano nene nikavishona vile vipande viwili kwa mkono, pole pole trei isichanike, mshono ukatulia kabisa. Nyumba, yaani lile shimo maalumu la mstari wa mbele, kwenye bao la kuchongwa huwa la mraba ili lijulikane, mimi nikalizungushia uzi mwekundu, kila upande la kwake, la nne kutoka kulia kwa mchezaji.

Kete nilianza na choroko, zinazama kwenye kona za trei vidole havizipati. Maharage makubwa mekundu ndiyo yenyewe, hesabu 64. Kila usiku watoto wakilala napanga, kila upande sita kwenye nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, 22 zinabaki mkononi, mkono wa kulia unacheza na wa kushoto. Mwezi mzima nilicheza namua tu, ile hatua ya kwanza ya kutia kete moja moja kutoka mkononi, mtaji, yaani hatua ya pili za mkononi zikiisha, sikuugusa, na ndivyo ningemshauri yeyote. Kilichonifungua macho ni kujua vipimo kama ninavyojua futi yangu ya kupimia: ukila kete nane ukaanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele, zinaishia kichwa cha pili, kumi na sita zinakamilisha mzunguko. Ukishashika hivyo huhesabu tena kwa kidole, unaona tu.

Nikarudi barazani. Nimefungwa sijui mara ngapi. Halafu Alhamisi moja, tupo kwenye namua, mzee kajaza kete tisa nyumbani kwake na lile shimo langu linaloitazama nyumba yake, la kushoto kwa nyumba yangu, lina kete moja. Nadhani aliisahau. Nikatia yangu, nikala zote tisa, nikasambaza kuanzia kichwa cha kushoto, taratibu, nane zikaujaza mstari wa mbele na ya tisa ikalala nyuma kwenye shimo tupu. Baraza likanyamaza. Mzee akainua macho, akasema, "Fundi, nani kakufundisha?" Nikamwambia trei ya mayai.

Siku hizi wiki yangu ipo hivi. Jumatatu nakata, Jumanne mpaka Alhamisi nashona, saa nne chai na chapati redio ikiwa chini, saa kumi na moja nafunika cherehani hata kama kazi ipo, navuka barabara. Kahawa vikombe viwili vitatu, ni hela ya vocha ndogo. Ijumaa swala, kisha wateja wanachukua nguo zao, na kumuona mtu anajigeuza mbele ya kioo na gauni limemkaa kuna raha ambayo zamani nilikuwa naipita tu. Kazi haikupungua, wateja wameongezeka, nusu yao ni watu wa pale pale barazani na familia zao.

Juzi yule mzee alikuja kibandani akataka kuiona hiyo trei. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wa jinzi, hakusema kitu. Kesho yake kaniletea komwe, zile mbegu za kuchezea bao, kwenye mfuko wa kitambaa, zile za kijivu ngumu zinazolia vizuri zikigongana, amezitoa kwao Kilwa. Nimezihesabu, zipo 61. Kwa hiyo kwa sasa nacheza na komwe 61 na maharage matatu.