Moja sawa na mbili?

Jana usiku binti yangu wa kidato cha pili alinifuata jikoni na daftari. "Mama, moja ni sawa na mbili. Nimethibitisha."

Alianza na a = b. Akazidisha kwa a: a² = ab. Akatoa b² kila upande, akaweka mabano: (a + b)(a − b) = b(a − b). Kisha kwa kalamu nyekundu akakata (a − b) huku na huku, ikabaki a + b = b. Kwa kuwa a ni b, basi 2b = b, na 2 = 1.

Nikazima jiko. Nilipitia mstari kwa mstari nisione kosa, na roho haikutulia. Mwishowe nikamwambia tuweke namba, a na b zote ziwe 3. Mstari wenye mabano ukawa 6 × 0 = 3 × 0. Kweli kabisa! Lakini ule mkato mwekundu ulikuwa unagawanya kwa 3 − 3.

Akauwekea kidole. "Kumbe sifuri ilijificha kwenye mabano."

Sisi shuleni tulifundishwa kukata tu, hakuna aliyetuambia tuulize tunachokata ni nini. Na si jambo jepesi: hata Brahmagupta wa India, aliyeandika kanuni za sifuri mwaka 628, alisema 0 ÷ 0 ni 0. Leo tunajua haina jibu.

Asubuhi nimekuta daftari mezani. Pembeni ya kila mkato ameandika: ≠ 0?