Gia boksi oto ikichelewa kushika, anza na stiki ya oili

Jamani wenye gari oto (zinazojibadilishia gia zenyewe) za zamani msikimbilie kununua gia boksi. Yangu ya 1998 ilianza kusumbua natoka Tabora kwenda Urambo, naweka D inakaa kama sekunde tatu ndo inashika, tena kwa kishindo hadi mama nyuma anauliza tumegonga nini. Fundi akasema imekufa. Roho ikakataa. Nikaacha injini ipate moto, inaunguruma, nikapitisha gia zote nikarudi P, nikachomoa stiki ya kupimia oili ya gia boksi nikafuta kwa kitambaa cheupe, nikachomeka tena, nikachomoa nisome: oili iko chini ya alama ila bado nyekundu, maana ingekuwa nyeusi na inanuka kuungua ujue klachi za ndani zishaungua. Kuchungulia chini, sili ya ekseli (ile ya kuzuia oili pale ekseli inapoingia gia boksi) inavuja! Tukabadili sili, tukaongeza oili ileile iliyoandikwa kwenye stiki (hapo msichanganye kabisa), sasa inashika laini.