Siku moja Kitulo, nimeshinda nimepiga magoti

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Matamba, hapa jirani na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, haisimuliki jamani. Betri za kamera nimelala nazo ndani ya soksi chini ya blanketi, maana ukiziacha mezani asubuhi unakuta chaji imeshuka hata hujapiga picha moja. Jana nimepanda ile barabara ya kutoka Chimala, wenyewe wanaiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, mgongo bado unauma ila kazi hii ya kupiga picha za kalenda ya maua nimeiomba mwenyewe, na Februari ndo mwezi wake, mvua ipo na maua yamefunguka.

Saa 12 na nusu tuko juu, mimi na kaka anayeniongoza, mzaliwa wa hapahapa. Mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari. Hatuoni kitu, ukungu mtupu. Nikafunga kamera kwenye tripodi nikasubiri, na kwenye kusubiri huko ndo kepsheni ya kwanza ikaja: "Ukungu haujauiba mlima. Umeufunika tu." Nikaiandika kwenye simu vidole vinatetemeka.

Saa 2 jua likachungulia na hapo ndo unaelewa kwa nini watu wa huku wanapaita Bustani ya Mungu. Majani mpaka macho yachoke, na ndani yake njano, zambarau, nyeupe, na yale maua marefu kama mienge, chini yamefunguka juu bado yamefumba. Hifadhi imetangazwa 2005, na wanasema maua ya okidi yanayoota ardhini peke yake yako aina 45. Mimi leo nimepata sita, nimeridhika kabisa.

Saa 3 mpaka saa 5 niko chini. Okidi huwezi kuipiga umesimama, ukisimama unapata rangi tu, ua lenyewe hulioni. Kuna moja ya pinki imenichukua karibu saa nzima. Shina lake limefika gotini, limejaa viua vidogo vidogo, na kila kiua nyuma kina vijipembe viwili vyembamba vinavyoning'inia, humo ndo kuna asali yake ya wadudu. Umande umekaa kwenye ncha ya kijipembe kimoja, tone dogo kuliko punje ya mtama, upepo ukipita linatikisika halidondoki. Nikabana pumzi nikapiga. Kepsheni: "Limebeba maji ya usiku mzima, halijalalamika."

Saa 6 hivi tukatoka kwa upande wa nje ya mpaka wa hifadhi tukakaa kula viazi vya kuchemsha. Kaka akaninyooshea kidole, pale kwenye majani kuna mashimo. Udongo mweusi, mkavu kidogo juu, kama siku mbili tatu. Wamechimba chikanda, yaani viazi vya okidi. Okidi hizi chini zina viazi, kimoja cha mwaka huu kingine cha kuchipua mwakani, na mchimbaji anaondoka na vyote. Vinapelekwa Tunduma vinavuka kwenda Zambia, huko wanavitwanga na karanga wanapika kitu kama mkate kinakatwa vipande. Siwachukii wanaochimba, ada ya shule haisubiri, lakini niliangalia lile shimo nikamkumbuka yule wa pinki wa asubuhi nikasikia uzito kweli. Nikalipiga picha. Hakuna rangi, hakuna umande, shimo tu na bua limelala pembeni limenyauka.

Saa 8 mvua. Imepiga mpaka saa 10, tumejibanza na turubai, lenzi ikaingia ukungu kwa ndani, hapo huna la kufanya ila kuiacha ikauke taratibu. Wakati tunashuka tandawala wawili, wale ndege wakubwa wa miguu mirefu, wakakatiza mbele yetu wanatembea kama wazee wanaotoka kikaoni. Sikuwahi hata kufungua begi.

Saa 2 usiku, gesti. Nachagua picha karibu na jiko la mkaa, mama mwenye nyumba kaja na chai akakaa. Nikamwonyesha moja moja, akawa anaguna tu kwa furaha, "hiyo ipo nyuma ya shamba letu hiyo." Tulipofika kwenye shimo akanyamaza. Akachukua simu akaisogeza karibu na macho.

"Mwanangu, hii hujaiandikia maneno."

Nikamwambia mama, nimekosa.

"Basi iache hivyohivyo. Ila itangulize hii, maua yafuate."

Nimeitanguliza.