Nilivyoachanisha breki iliyong'ang'ania kwenye Mazda MX-5 ya 1992
Gurudumu la nyuma kushoto lilichemka na kunuka hata kwa mwendo mdogo. Nikapiga jeki, nikafungua nipo (skrubu ndogo ya kutolea hewa) ya kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki: mafuta ya breki yakatoka, gurudumu bado zito. Basi hosi ya mafuta ya breki haikuwa imeziba, maana presha ilishatoka na gurudumu halikulegea. Kilichokwama ni kalipa yenyewe. Pini moja ya kutelezea ilishikwa na kutu. Niliing'oa, nikaisugua kwa msasa laini, nikapaka grisi ya silikoni, maana grisi ya petroli huvimbisha mpira.

Tafadhali, pistoni ya nyuma ya gari hili usiisukume kwa klempu! Nyuma ya kalipa kuna bolti. Ifungue, ndani utakuta skrubu ya kuirudisha pistoni, ya kuzungushwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4. Nikatoa hewa kwenye mafuta ya breki, nikarekebisha hendibreki. Sasa gurudumu linazunguka kwa mkono.